Kamba Tano Kutoka Baharini

Kwetu Dzemeta ardhi hupimwa kuanzia baharini. Tunaishi kwenye ukanda wa mchanga kati ya bahari na ziwa, mwembamba kiasi kwamba mtu akipiga chafya upande mmoja, wa upande wa pili anamtakia afya. Zamani, kabla ya kujengwa bwawa la Akosombo, mto Volta ulifurika kila mwaka, ziwa likavimba na kuja mpaka mlangoni, likakaa wiki kadhaa, likaondoka na kutuachia tope na kambale. Ukingo wake haukuwa na adabu; leo uko kule, kesho uko jikoni kwako. Bahari ndiyo iliyokuwa na utaratibu. Ilichukua mchanga miezi ya mawimbi makubwa, ikaurudisha kiangazi, na mstari wake ukabaki palepale. Ndiyo maana mtu akitaka kugawa shamba alisimama ufukweni, akayapa maji mgongo, akahesabu kamba za juya, ule wavu mkubwa wa kuvutwa, kuelekea ziwani. Kamba moja ni pima thelathini, na hakuna aliyethubutu kuipunguza, maana wavuvi wa kwetu wanaweza kusamehe mengi lakini si kamba fupi.

Baba yangu aligawa yake mwaka alipougua mapafu, miaka miwili kabla bwawa halijafungwa. Eneo lote lilikuwa kamba nane. Alishika kibuyu cha maji yaliyokorogwa na unga wa mahindi, akawamwagia waliotutangulia, akasema, "Kutoka maji yanapoishia, kamba tano ni za Seshie. Kinachobaki mpaka ziwani ni cha Kosiwa." Basi. Neno likishasemwa na kibuyu mkononi, kwetu halibadilishwi. Hata aliyelisema hana tena ruhusa ya kuligusa.

Kosiwa ndiye mimi. Seshie ni kaka yangu wa tumbo moja, amenizidi miaka mitano. Yeye alipata minazi, upepo, na ufukwe ambao kila juya likivutwa pale, mwenye ufukwe anatengewa samaki wake. Mimi nilipata tope, mbu na vyura. Nililia siku tatu. Halafu nikanyamaza, nikaanza kubeba mchanga kwa beseni na kuumwaga juu ya lile tope mpaka nikapata matuta ya vitunguu. Visima vya kwangu vilikuwa na kina cha kiuno tu na maji yake matamu. Mbolea ilikuwa mavi ya popo tuliyoagiza kutoka bara, na nilivuna mara tatu kwa mwaka. Vile vitunguu vyekundu vidogo vimenijengea nyumba, vimemzika mume wangu kwa heshima, vimemlea binti yangu Sitsofe, ambaye siku hizi analima kunishinda. Kwa miaka mingi sikuwa na haja nyingine ila hii: nikifa, matuta yale yabaki mikononi mwake.

Seshie hakukaa kula nazi zake mara moja. Alikuwa Akosombo, akimimina zege kwenye bwawa. Aliporudi alikuwa na kofia ngumu ya kazini, na Jumapili ya kwanza akaingia nayo kanisani. Wakamwita Injinia. Jina lilikuwa la kumcheka, lakini yeye alilipokea kwa mikono miwili. "Umeme mnaoungoja," alikuwa akisema, "nimeuwekea msingi kwa mikono hii." Umeme wenyewe ulitufikia miaka karibu thelathini baadaye, na hata hilo halikumpunguzia majivuno.

Bahari ilianza kusogea muda si mrefu baada ya bwawa kufungwa. Mwanzoni hatukujali. Ilichukua, tukangoja irudishe. Ikachukua safu ya kwanza ya minazi, halafu kibanda cha nyavu, halafu nyumba ya kwanza ya Seshie. Akarudi nyuma, akajenga ya pili. Miaka ikapita, nayo ikaenda. Wakati huohuo mafuriko yalikoma, na ziwa likatulia upande wangu bila kusogea hata hatua moja. Yule asiye na adabu akawa na adabu, na yule mwenye utaratibu akawa mwizi. Wavuvi walimtania kaka yangu mchana kweupe: "Injinia, bwawa lako limetuletea umeme au limetuletea maji?" Na mimi, sitajifanya mtakatifu, nilikuwa nacheka kuliko wote.

Jibu lake lilikuwa moja siku zote. "Bahari hii naijua. Imechukua, itarudisha." Aliyasema haya ufukweni, kanisani, na hata kwenye mazishi ya mume wangu, wakati watu walipoona aibu kuzika karibu vile na maji.

Mwaka juzi alikuja binti mmoja wa chuo kikuu na wenzake wawili, wakachomeka vyuma ufukweni na kupima. Nilimkaribisha akple, ugali wetu, na mchuzi wa bamia, nikamuuliza bila kuzunguka bahari imepatwa na nini.

"Mama, bahari yenu haikuanza kuchukua jana," alisema. "Mkondo wake siku zote unabeba mchanga kuelekea mashariki, Keta, mpaka Togo huko. Ila zamani mto ulikuwa unaleta mwingine. Chukulia duka: bidhaa zinatoka, lori linaleta nyingine. Sasa lori limezuiwa kule juu. Mchanga umelala ndani ya bwawa, na wateja hawajaacha kuja."

Seshie alikuwa amekaa palepale akishona nyavu. Akacheka kwa pua. "Wewe binti umezaliwa lini? Mimi bahari hii nimeoga nayo. Itarudisha."

"Itarudisha kutoka wapi, babu?"

Seshie alinigeukia mimi, akasema mchuzi wangu siku hizi unazidi chumvi.

Mwaka huu, mwezi wa Julai, nyumba yake ya tatu ikaenda. Tuliwahi kutoa mabati, milango miwili na kitanda. Mkewe alishahamia Accra kwa watoto siku nyingi, akisema yeye hakuolewa ili alale na viatu miguuni. Basi Seshie akaja kwangu peke yake, na mlango kichwani. Nilimpa chumba cha kando ya ghala la vitunguu, nikamtandikia, nikampikia. Hilo nalisema ili mjue kwamba yaliyofuata hayakuanzia kwangu.

Wiki ya pili, nikiwa nakata vitunguu majani, alikuja akasimama mbele yangu.

"Kosiwa, nataka kujenga."

"Jenga. Pale karibu na kisima cha pili pana nafasi."

"Siombi nafasi. Nataka changu."

"Chako kiko chini ya maji, kaka. Kawaulize kaa."

"Baba alisema kamba tano kutoka maji yanapoishia. Hakusema maji ya mwaka gani."

Kisu kilisimama mkononi. Nilimwelewa palepale. Upande wake ilikuwa imebaki kamba moja tu, mchanga mtupu unaopitiwa na mawimbi. Ukihesabu kamba tano kutoka hapo, unapita juu ya matuta yangu yote.

"Unataka kunitoa kwenye tope ulilonichekea?"

"Simtoi mtu. Nataka neno la baba."

"Na hiyo bahari inayorudisha, ikirudisha je?"

"Ikirudisha, kamba nazo zitarudi nyuma. Utapata chako."

Sitsofe alikuwa mlangoni na ndoo. "Mjomba, mimi nimepanda jana. Vitunguu vyangu navyo vitatembea kwenda na kurudi?"

"Usiingilie ya wakubwa," alisema Seshie, lakini hakumtazama.

Nilimchukia kaka yangu siku ile. Nilimpakulia chakula cha jioni na nilikuwa namchukia.

Kwetu ugomvi wa watoto wa kaka humalizwa na shangazi. Aliyebaki hai ni Shangazi Dzigbodi, dada yake baba wa mwisho, mwenye miaka karibu tisini. Jina lake maana yake ni subira, na waliompa walikosea. Anavuta ugoro, anasikia nusu ya unachosema na kujibu nusu nyingine. Na kila mtu Dzemeta anajua kwamba anampenda Seshie, kwa sababu mshahara wake wa kwanza wa Akosombo ulimnunulia redio. Nilipoambiwa ndiye ataamua, nilimwambia Sitsofe asipande kitu wiki ile. Sikutaka apande kisha aje kuzichimbua mbegu zake mwenyewe.

Jumamosi asubuhi watu walijaa utadhani kuna harusi. Wavuvi wawili walileta kamba. Shangazi alikalishwa kwenye kiti chini ya mwavuli, akaagiza waanze kabla jua halijamkasirisha. Walianza pale mawimbi yalipoacha majani. Kamba ya kwanza ilipita kwenye mchanga wa Seshie, juu ya kipande cha msingi wa nyumba kilichokuwa bado kinachungulia. Ya pili ikavuka uzio wangu. Ya tatu ikapita katikati ya matuta. Ya nne ikapita ghala, ikapita jiko langu na sufuria ikiwa jikoni, ikaishia kwenye ukingo wa ziwa.

Aliyeshika ncha ya kamba alisimama. "Niingie?"

"Marehemu alisema ngapi?" aliuliza Shangazi.

"Tano."

"Wewe unajua kuhesabu. Ingia."

Akakunja suruali, akaingia ziwani na kamba, maji yakampanda magotini, halafu mapajani, mpaka kamba ikanyooka. Watu walivunjika mbavu.

"Injinia amepata mpaka kambale!"

"Na Kosiwa kabaki na nini?"

"Mbu! Aliwazoea!"

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshika nguzo ya uzio wangu, nikihesabu ni mabeseni mangapi ya mchanga nimeyabeba pale tangu nikiwa na miaka kumi na minane.

Shangazi alipanguza pua. "Neno la kaka yangu ni neno," alisema. "Kamba tano ni za Seshie."

Sitsofe alianza kusema kitu, nikamfinya mkono.

"Sijamaliza! Mbona mna haraka kuliko mimi ninayekwenda kufa? Kosiwa naye ana chake. Hakijafutwa, kimeazimwa. Bahari ikirudisha mchanga, kamba zinarudi nyuma, na yeye anarudi kwenye tope lake. Hapo nani kadhulumiwa? Hakuna. Nataka kitu kimoja tu. Seshie, wewe ndiye msemaji wa bahari. Shika kibuyu, mwambie baba yako kwamba itarudisha. Halafu mnipe uji wangu."

Nilijua mambo yamekwisha. Alichotakiwa kusema amekuwa akikisema miaka arobaini na saba, asubuhi na jioni, bila hata kuulizwa. Angeweza kukisema usingizini. Walimletea kibuyu. Maji yalikuwa meupe kwa unga, kama yale ya siku ya baba. Alimwaga kidogo mchangani.

"Baba," alisema.

Akamwaga tena, akageuka kutazama baharini.

"Paza sauti," alisema Shangazi. "Mimi ni kiziwi, na yeye yuko mbali zaidi."

"Baba, mwaka bwawa lilipoanza kujaa walitupandisha juu tukaangalie. Upande wa nyuma maji yalikuwa mekundu kwa udongo. Upande wa chini maji yalikuwa yanapita maangavu. Niliona mawe ya chini. Tangu nizaliwe sijawahi kuona mawe ya chini ya Volta. Wenzangu walipiga makofi, wakasema tazama maji yalivyo safi. Wao walikuwa watu wa bara. Mimi ni mtoto wa huku. Nilijua ule uchafu uliobaki nyuma ni mchanga wetu."

Hakuna aliyecheka tena.

"Haitarudisha, Baba. Nilijua kabla ya mtu yeyote aliyesimama hapa. Nilijua wakati najenga nyumba ya kwanza."

Akaweka kibuyu chini taratibu, akabaki ameinama. Nilidhani Shangazi hakusikia. Lakini alikuwa amesikia.

"Mjinga wewe," alisema kwa sauti ndogo. "Nilikupa kila kitu. Neno moja tu ulitakiwa." Kisha akainua fimbo. "Kaka yangu alipima kwa bahari inayorudisha. Hiyo siyo hii. Rudini mpime kutoka ziwani. Kamba tatu za Kosiwa. Kinachobaki ni cha Seshie, na Mungu amsaidie nacho."

Hivyo ndivyo nilivyoshinda. Watu walinipongeza, wanawake wa upande wa matuta wakapiga vigelegele, Sitsofe akanikumbatia mpaka kilemba kikanidondoka. Nami niliungoja ukweli ule utoke kinywani mwa Seshie tangu nikiwa msichana. Nilikuwa nimeandaa na la kumwambia siku atakapokiri, maneno makali nimeyanoa miaka yote hiyo. Ilipofika siku yake, niliyakuta yamekuwa butu. Kumbe mimi niliyemcheka nilikuwa namwamini. Kila kiangazi nilikuwa napita ufukweni, nikijidai natafuta kuni, kutazama kama mchanga umeanza kurudi. Maadamu kulikuwa na mtu mmoja mkaidi anayesema itarudisha, na mtu huyo amelijua bwawa kwa mikono yake, mimi niliweza kumbishia na kulala usingizi. Sasa hakuna aliyebaki wa kumbishia.

Mchana, watu walipoondoka, nilimkuta amekaa nyuma ya ghala akifunga nguo zake kwenye shuka. Nilimwekea akple na samaki.

"Unakwenda wapi?"

"Accra. Kwa watoto."

"Acha upuuzi. Mkeo atakukalisha na wajukuu uwafute kamasi. Jenga karibu na kisima cha pili. Safari hii ni mimi ninayekupa, na nakupa kwa sababu ni changu."

Alikula kidogo. Hakukubali wala hakukataa, na kwa Seshie hiyo ni shukrani.

"Kaka," nilisema, "wewe ndiye mwenye hesabu. Mimi nimebakiwa na muda gani?"

Alisukuma bakuli pembeni, akachora kwa kidole mchangani. "Kamba ya kwanza ilichukua miaka ishirini na moja kuliwa. Ya pili, kumi na miwili. Ya tatu, tisa. Hii ya nne, mitano."

"Sikukuuliza za zamani."

"Ndizo zinazojibu. Halafu kumbuka visima. Vitaingia chumvi kabla ya maji yenyewe kufika." Alizifuta zile alama kwa kiganja. "Wewe itakutosha, Kosiwa. Sitsofe haimtoshi."

Nilimwona Sitsofe kwa mbali akinywesha matuta, anakwenda upesi upesi na madebe mawili, akiimba. Alipotuona tumekaa pamoja alitua madebe, akaja akifuta mikono kwenye kanga yake.

"Mama, kwa kuwa limekwisha, niwaambie wale wa matofali waje Jumatatu? Nilitaka vyumba viwili, lakini naona hata vitatu vinaingia. Watoto wakikua kila mmoja awe na chake."

"Njoo ukae kwanza."

"Mjomba ana neno jingine la kunifukuza?" aliuliza, akicheka, na akakaa chini mbele yetu huku amekunja miguu.

Seshie alifungua kinywa. Nikamwekea mkono begani, nikamwambia aache, hili nitalisema mimi.